Nyuzi za raketi ya wifi zimenikatikia mkononi, sasa nataka yangu

Kocha, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili na mchezo wa vinyoya nimeuanza ukubwani. Aliyenivuta ni wifi yangu. Yeye anacheza badminton tangu akiwa sekondari, ana raketi mbili, na jioni tukienda ukumbini alikuwa ananiazima ile ya zamani. Nikaupenda mchezo kuliko nilivyotegemea. Balaa limeanzia hapohapo kwenye raketi ya kuazima.

Juzi tukiwa katikati ya mchezo nilipiga pigo la kawaida tu, wala si smeshi, lile pigo la nguvu la kushuka chini, nikasikia "pwaa!" Uzi umekatika, karibu na katikati, juu kidogo. Wifi akaja, akaitazama, akasema mbele ya watu, "Wewe unapiga kwa hasira, ndiyo maana." Nikanyamaza. Lakini moyoni najua raketi ile inashinda kwenye buti la gari kutwa nzima, na nyuzi zake zilishaanza kuota vinywelea kabla sijaigusa. Mwenzetu mmoja alimuuliza mara ya mwisho zilifungwa lini, akajibu hakumbuki. Tangu siku hiyo raketi iko kwangu na uzi wake unaning'inia. Yeye haiulizi, na mimi sijui niirudishe kwa maneno gani.

Nimeamua kununua yangu, na hapo ndipo nimechanganyikiwa kabisa. Mume wangu anasema nichukue zile zinazouzwa mbilimbili kwenye mfuko mmoja pamoja na vinyoya vyake, kwani mwanzoni hakuna haja ya kujitesa. Shemeji, mdogo wake, anapinga. Anasema rahisi ni ghali, nichukue wanayotumia mabingwa, nzito kichwani, shafti (kile kijiti kati ya kichwa na mpini) ngumu, na nyuzi nizivutishe paundi 28, ndipo kinyoya changu kitafika nyuma. Na ni kweli hakifiki. Nikipiga kutoka mstari wa nyuma kinaangukia katikati ya uwanja wa mwenzangu, naye anakimaliza. Nilipokwenda dukani, muuzaji akaniuliza, "3U au 4U? G4 au G5?" Nikamwambia nitarudi.

Halafu kuna kiwiko. Nikimaliza kucheza kinaniuma kwa upande wa nje. Sijui ni umri au ni raketi.

Naomba unijibu, Kocha. Nyuzi nimezikata mimi? Ninunue raketi ipi? Nikishaipata niitunzeje isiishie kama ile? Na wifi nimlipe?

Mama wa Zamu ya Jioni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kesi yako na wifi, maana naona ndiyo inayokukera, na pia ndani yake kuna nusu ya somo la kununua.

Ichukue raketi hiyo uielekeze dirishani. Tafuta uzi wa wima ambao haujakatika, jirani na ule uliokatika, usukume pembeni kwa ukucha, kisha utazame pale ulipokuwa umelaliana na uzi wa mlalo. Ukiona pamechimbika kijifereji, umepata jibu lako. Kila kinyoya kinapogonga, nyuzi za wima huteleza kidogo juu ya zile za mlalo na kurudi mahali pake. Msuguano huo unazila polepole, kwanza ganda la nje linachanika (vile vinywelea ulivyoviona ndivyo hivyo), kisha kiini kinabaki chembamba. Siku ikifika, uzi hukatika kwa pigo lolote, hata la mtoto. Nyuzi zinazokufa kwa uchakavu hukatikia maeneo ya katikati, pale vinyoya vinapotua kila siku. Zinazokatwa na pigo baya hukatikia pembeni, hasa juu kabisa karibu na fremu, kwa sababu pale uzi ni mfupi na hauna nafasi ya kunyumbuka.

Wako umekatika karibu na katikati, ulikuwa na vinywelea, na hakuna anayekumbuka ulifungwa lini. Ongeza joto la buti la gari, ambalo hulegeza nyuzi na kuzizeesha. Mimi kwenye kesi hiyo nakuachia huru. Pigo lako lilikuwa la mwisho tu katika foleni ndefu ya mapigo ya watu wengine, wifi akiwa wa kwanza wao.

Ila kuna jambo usilichelewe. Uzi mmoja ukikatika, fremu haivutwi tena sawasawa. Nyuzi za wima zinavuta kutoka juu kwenda chini, za mlalo zinavuta kutoka pembeni kuja ndani, na umbo la kichwa linasimama kwa sababu mivuto hiyo inashindana. Upande mmoja ukilegea, kichwa kinaanza kupinda, na fremu za kaboni hazipendi kupinda. Kwa hiyo nyuzi zilizobaki hukatwa zote, mapema, ikiwezekana hapohapo uwanjani. Anzia katikati, kata wima na mlalo kwa zamu ukielekea nje pande zote, usianze pembe moja ukamalizia pembe nyingine. Mkasi wowote mzuri unatosha. Lakini raketi si yako, kwa hiyo mpigie wifi simu kwanza umwambie unataka kuzikata na kwa nini. Kama anacheza tangu sekondari, analijua hilo, na simu hiyo itakusaidia pia kuvunja ukimya.

Sasa kununua. Fremu utainunua mara moja, ukijaliwa itakaa miaka. Nyuzi na gripu, ule utepe unaozungushwa mpinini, utavinunua muda wote utakaokuwa unacheza. Wanaoanza hutumia hela zote na mawazo yote kwenye fremu na jina lililoandikwa juu yake, kisha wanacheza na nyuzi za kiwandani zilizolegea na gripu iliyokauka. Mimi ningekushauri ugeuze. Chukua fremu ya kati, isiyo na sifa, halafu usibane matumizi kwenye nyuzi na kwa fundi anayezifunga.

Kwa hiyo mumeo na shemeji wote wawili wamekosea, ila shemeji amekosea zaidi.

Zile za mbilimbili mara nyingi huwa na kichwa cha alumini kilichounganishwa na shafti ya chuma, na kiungo chenyewe unakiona kwa macho pale kwenye shingo. Nyingi zinazidi gramu 100 na shafti yake hainyumbuki vizuri. Kwa kucheza na watoto nje ya nyumba hazina neno, na nakushauri umwachie mumeo anunue kwa ajili hiyo. Kwa mtu anayeingia ukumbini kila wiki na kiwiko kimeshaanza kulalamika, hapana. Wewe tafuta ambayo kichwa na shafti vyote ni vya grafaiti, yaani kaboni, na shingoni hakuna kiungo kinachoonekana.

Shemeji anataka akununulie smeshi. Mwaka 2023 mchezaji wa India, Satwiksairaj Rankireddy, aliingia kwenye rekodi za dunia za Guinness kwa smeshi ya kilomita 565 kwa saa. Raketi kama yake inauzwa, mtu yeyote mwenye hela anaweza kuibeba nyumbani. Mkono wake hauuzwi. Raketi ngumu yenye kichwa kizito imetengenezwa kwa mtu ambaye tayari anaizungusha kwa kasi kubwa. Shafti ngumu inapinda kidogo na kurudi haraka, na usipokuwa na kasi ya kuipinda haikupi kitu, umeshika fimbo tu. Shafti inayonyumbuka inakusubiri. Unapoanza kuvuta mkono inapinda nyuma, inapokutana na kinyoya inajirusha mbele, na kile kidogo ulichonacho inakiongezea. Kwa hiyo kwenye maelezo ya raketi, au kwa muuzaji, uliza inayonyumbuka au ya wastani. Dukani unaweza pia kuijaribu mwenyewe. Shika mpini kwa mkono mmoja na ncha ya kichwa kwa mwingine, uipinde kidogo sana, kisha fanya hivyo kwa nyingine tatu nne. Tofauti utaihisi bila kuambiwa. Muuzaji akinung'unika, mwambie hujaivunja.

Sheria za mchezo zinaweka mipaka ya ukubwa wa raketi. Urefu wote usizidi milimita 680, upana usizidi 230, na eneo lenye nyuzi lisizidi 280 kwa 220. Kuhusu uzito na mkazo wa nyuzi sheria zimenyamaza, na ndiyo maana hapo ndipo watu wanapogombana.

Yale maswali ya muuzaji ni mepesi kuliko yanavyosikika. U inahusu uzito, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo raketi inavyokuwa nyepesi. 3U ni gramu 85 hadi karibu 90, 4U ni 80 hadi karibu 85, 5U ni 75 hadi karibu 80, zote zikipimwa bila nyuzi wala gripu ya ziada. Chukua 4U. Nyepesi zaidi ya hapo zipo na zinavutia ukizishika dukani, lakini anayejifunza anahitaji kuhisi kichwa cha raketi kiko wapi angani, na ile nyepesi mno inampotea mkononi. Na usidhani unahitaji uzito ili kukisukuma kinyoya. Kinyoya cha mashindano kina gramu 4.74 hadi 5.50. Kinachokipeleka ni kasi ya kichwa cha raketi.

G ni unene wa mpini, na kwa kampuni kama Yonex namba ikipanda mpini unakuwa mwembamba. Makampuni mengine yana mpangilio wao, kwa hiyo usiing'ang'anie namba, ushike mpini wenyewe. Ukibaki njiapanda kati ya miwili, chukua mwembamba. Mwembamba unanenepeshwa kwa kuongeza gripu nyingine juu, mnene haupunguziki. Na mpini mnene kuliko kiganja chako unakulazimisha uukabe kwa nguvu, vidole havipati nafasi ya kuuzungusha unapohama kutoka pigo la mbele kwenda la mgongo wa mkono.

Kuhusu kichwa kizito au chepesi, ilaze raketi juu ya kidole kimoja mpaka itulie bila kuangukia upande wowote, kisha pima kutoka kitako cha mpini hadi kidole kilipo. Ikiwa kati ya milimita 285 na 295 hivi, uzito umegawanyika sawa, na hiyo ndiyo ya kwako. Zaidi ya hapo uzito umeelekea kichwani, pungufu umeelekea mpinini. Vipimo vinavyoandikwa kwenye raketi visikutishe, makampuni hayapimi kwa namna moja, wengine hupima ikiwa tupu na wengine ikiwa na nyuzi. Kidole chako hakidanganyi. Umbo la kichwa nalo lina maana. Zile zilizo pana kwa juu, karibu na mraba kuliko yai, zina eneo kubwa zaidi la katikati ambapo kinyoya kikigonga kinatoka vizuri. Wewe bado unakosakosa, na eneo hilo linakusamehe. Siku hizi raketi nyingi ni za umbo hilo, kwa hiyo huhitaji kuhangaika kuzitafuta. Rangi chagua uipendayo.

Nimekaa sana kwenye fremu, turudi kwenye nyuzi, maana ndizo zinazokigusa kinyoya.

Paundi 28 ni takribani kilo 12.7 za mvuto kwa kila uzi. Wachezaji wa kulipwa hufunga huko na kupita, na wana sababu. Nyuzi zilizokazwa sana zinampa mchezaji udhibiti, kinyoya kinakwenda pale anapokielekeza, lakini nguvu yote inabidi itoke kwake kwa sababu nyuzi hazirudishi kitu. Tena, kadiri unavyokaza, lile eneo zuri la katikati linasinyaa. Ukipiga nje yake unasikia mtetemo mpaka kwenye bega. Kwa hiyo ushauri wa shemeji ungekufanyia kinyume cha alichokuahidi, kinyoya kingefika karibu zaidi ya kinapofika sasa, na kiwiko kingekuuma zaidi. Nyuzi zilizokazwa kiasi zinabonyea kidogo kinyoya kinapotua, kisha zinakirusha zenyewe. Mwambie fundi akufungie paundi 20 hadi 22, yaani kilo 9 hadi 10. Kaa hapo kwa muda mrefu. Siku utakapoona vinyoya vinatoka nje ya mstari wa nyuma kila mara bila wewe kutaka, ongeza paundi moja.

Kwenye fremu utakuta pameandikwa kiwango cha juu cha mkazo. Hicho ni ukomo, wala hakuna anayekulazimisha kukifikia, na ukikipita kampuni nyingi hazitakusikiliza fremu ikipasuka.

Unene wa nyuzi pia uuulize. Nyingi ziko kati ya milimita 0.61 na 0.70. Zile nyembamba zinalia vizuri, "pa!", na zinarusha kwa wepesi, lakini zinakatika mapema. Wewe chukua za 0.70 au hapo karibu. Watu wengi wa ukumbini watakutajia BG65 ya Yonex, ambayo ni 0.70, na hawakosei, ni nyuzi za kazi. Zipo nyingine za kampuni nyingine zenye unene huohuo na zinafaa vilevile. Ukinunua raketi iliyokuja na nyuzi tayari, ibonyeze kwa kidole gumba. Kama nyuzi zinalegea na kusogea ovyo, ni zile za kiwandani. Cheza nazo kama huna namna, ila zipangie bajeti ya kubadilishwa. Raketi nyingi nzuri huuzwa tupu, na mimi huzipendelea hizo kwa sababu unajua tangu siku ya kwanza kilichofungwa na mkazo wake.

Fundi mchague kwa macho. Mtazame akifanya kazi. Mashine yake inapaswa kuishika fremu sehemu kadhaa, juu, chini na mabegani, ili isibadilike umbo wakati anavuta. Kabla hajaanza, mwombe akague vile vibomba vidogo vya plastiki vinavyopitisha uzi kwenye matundu ya fremu. Vikipasuka, uzi unasuguana na ukingo wa kaboni na unakatika ndani ya siku chache, nawe utalaumu uzi. Kubadilisha vichache vibovu ni kazi ya dakika. Mwombe pia aandike tarehe na mkazo kwenye kibandiko kidogo, akibandike kwenye shafti. Hapo hutakuwa na sababu ya kujibu "sikumbuki".

Nyuzi huanza kupoteza mkazo tangu siku zinapotoka kwa fundi, hata usipocheza. Kuna kanuni ya zamani ya viwanjani kwamba unavyocheza mara ngapi kwa wiki, ndivyo ufunge nyuzi upya mara ngapi kwa mwaka. Ukicheza mara mbili kwa wiki, funga mara mbili kwa mwaka, hata kama hazijakatika. Nyuzi zilizokufa hazikatiki zote. Nyingine zinakaa tu, zikitoa sauti ya kichovu, na wewe unaongeza nguvu bila kujijua ili kufidia. Kiwiko kinajua.

Na kiwiko chenyewe nadhani umri hauhusiki, au hauhusiki sana. Mtu mzima anayeanza ana tabia mbili. Anaukaba mpini kwa nguvu tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho, na anapiga kwa mkono mzima kutoka begani huku kiganja kimeganda. Shika raketi kama unavyompa mtu mkono wa salamu, upana wa kichwa ukiwa wima, vidole vimelegea, kidole cha shahada kimetangulia kidogo. Ukaze pale tu kinyoya kinapogusa nyuzi, kisha uachie. Kwa pigo la juu geuka kwanza uelekeze ubavu kwenye wavu, inua kiwiko, uache mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja ujizungushe. Hapo ndipo kinyoya kinapofika nyuma, na hakuna raketi itakayokufanyia kazi hiyo. Maumivu yakiendelea wiki mbili tatu hata baada ya kupunguza kucheza, muone daktari au mtaalamu wa viungo.

Kabla hatujaendelea, angalia pia vinyoya mnavyotumia. Kama ni vya nailoni, pale kwenye kichwa chake huwa na mstari wa rangi. Kijani ni kinyoya cha mwendo wa pole, buluu ni wa kati, nyekundu ni wa haraka. Mnaocheza na cha kijani kilichochakaa mtajilaumu bure. Badilisheni kinyoya kabla hujaamua kwamba mkono wako ni dhaifu.

Utunzaji. La kwanza umelitaja mwenyewe, gari. Usiiache raketi kwenye gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa kwenda sokoni na kurudi. Joto linalegeza nyuzi, na kwa kurudiarudia linaidhoofisha gundi inayoshikilia nyuzinyuzi za kaboni. Ukifika nyumbani itoe kwenye mfuko. Hasa kama gripu imelowa jasho, iache nje ikauke kabla hujafunga zipu. Watu wengi hawajui kwamba chini ya gripu ya raketi nyingi za kaboni kuna mpini wa mbao. Siku ukibandua gripu yote utauona, mbao tupu yenye pande nane. Mbao hiyo ikilowana kila siku inaanza kuoza na kunuka, na shafti inaweza kulegea mle ndani. Gripu ya juu ni bei ndogo. Ikianza kuteleza au kuwa nyeusi, ibandue. Unapofunga mpya anzia kitakoni, ivute kiasi, kila mzunguko ulalie uliotangulia kwa milimita chache, malizia juu kwa utepe wa gundi. Usifunge mpya juu ya kuukuu mara tatu nne kama nionavyo kwa wengine, mpini utanenepa mpaka ushindwe kuuzungusha.

Uwanjani, adui mkubwa wa raketi ya kaboni ni raketi ya mwenzako. Mkicheza wawili wawili, vinyoya vya katikati ndivyo vinavyozivunja. Kubalianeni mapema nani anachukua katikati, na mwenye kuchukua aseme kwa sauti. Alumini ikigongwa inapinda. Kaboni haipindi, inapasuka, na mara nyingine ufa wake hauonekani siku hiyo. Baada ya kugongana, pitisha ukucha taratibu kuzunguka fremu yote, ndani na nje. Rangi iliyobanduka haina shida, ukucha unapita. Ufa unaukamata ukucha, na ukiubonyeza kidogo pande zake mbili unaona unafunguka au unasikia mlio mkavu. Raketi yenye ufa usiipeleke kwa fundi bila kumwambia, maana itamvunjikia kwenye mashine na mtagombana. Nayo sauti ya kichembe kinachotikisika ndani ya fremu isikukoseshe usingizi, mara nyingi ni tone la gundi lililokauka na kuachia.

Usikokote kichwa sakafuni unapookota kinyoya, usiegemee raketi, usiitupe ukikosa pointi (nimewaona watu wazima). Ukitaka, bandika utepe wa kulinda juu ya kichwa, uzito wake ni mdogo. Baada ya mchezo ifute kwa kitambaa kikavu, basi.

Dukani sasa unaweza kurudi. Mwambie muuzaji, "Ya grafaiti yote, 4U, uzito sawa, shafti inayonyumbuka, tupu." Akikuletea yenye jina kubwa kwa bei inayotia shaka, iache. Za bandia ni nyingi na zinavunjika bila taarifa.

Limebaki la wifi. Deni huna. Nyuzi ni kitu cha kuisha, na zile zilikuwa zimekwisha. Lakini amekuazima raketi muda wote huo bure, na bila yeye usingekuwa unaniandikia. Kwa hiyo mfungie nyuzi mpya kama shukrani, na ukimrudishia mwambie hivyohivyo kwamba ni shukrani, asije akadhani umekiri kosa. Habari ya buti la gari iache kwa leo, mtakapokuwa mnacheka tena mwonyeshe kile kijifereji. Ila kwenye ile simu ya kuomba kukata nyuzi, muulize na mkazo anaoupenda. Aliyecheza tangu sekondari ana namba yake, na ukimfungia 21 wakati mkono wake umezoea 25, mtaanza ugomvi mwingine.

Kocha